Matapishi ya Rangi ya Majani

Mwezi huu ukurasa wa afya umekusudia kusema na mama waliojifungua karibuni, na waume zao, na mabibi wanaowauguza, juu ya jambo ambalo huonekana mara chache, walakini linapoonekana halingojei. Nalo ni kufungika kwa matumbo ya mtoto mchanga. Maana yake ni kuwa maziwa yaingiayo kwa kinywa hayana njia ya kupita mpaka chini, ama kwa kuwa utumbo umejisokota, ama kwa kuwa mahali fulani haukuumbika wazi, ama kwa kuwa sehemu yake ya mwisho haisukumi. Mtoto wa namna hii aghlabu huzaliwa na sura njema, hulia kama watoto wengine, na huenda akanyonya vizuri siku ya kwanza. Kwa hivyo anayeiona ishara mbele ya watu wote si tabibu, bali ni yule aliyempakata mtoto wakati nguo ilipochafuka.

Ishara hiyo ni rangi. Kila mtoto hucheua, na kucheua si ugonjwa. Ni maziwa machache yatokayo pembeni mwa kinywa baada ya kunyonya, meupe au yaliyoganda kidogo, na mtoto mwenyewe hana khabari nayo. Siku za mwanzo, mama angali akitoa dang'a, yacheuliwayo yaweza kuwa ya manjano, kwa kuwa dang'a yenyewe ni ya manjano. Lakini matapishi ya rangi ya majani mabichi, kama maji ya mchicha uliopondwa, si ya kawaida hata yakiwa kijiko kimoja, wala hata yakiwa yametoka mara moja tu. Rangi ile ni ya nyongo. Mwenye shaka asiifue nguo. Aichukue vivyo hivyo akamwonyeshe daktari, maana nguo ile ni shahidi bora kuliko maneno.

Yafaa tueleze kwa nini iwe hivyo, kwani ajuaye sababu hatikiswi na kila asemalo jirani. Nyongo hufanywa na ini, kisha huteremka kwa mfereji mdogo mpaka ndani ya utumbo, chini kidogo ya mfuko wa chakula. Njia ikiwa wazi, nyongo hushuka pamoja na maziwa, na ndiyo inayokipa choo rangi yake. Njia ikifungika chini ya mahali pale inapoingilia, nyongo haina pa kwenda ila kurudi juu na kutoka kinywani. Kizuizi kikiwa juu ya mahali pale, matapishi hubaki meupe. Uko ugonjwa wa namna hiyo ya pili, ambao misuli ya mlango wa chini wa mfuko wa chakula hunenepa ukaziba. Aghlabu huanza baina ya wiki ya 2 na ya 8, na khasa kwa watoto wa kiume wa uzazi wa kwanza. Maziwa huruka kwa nguvu, na mara hiyo hiyo mtoto hutaka kunyonya tena. Huo nao watakiwa hospitali, na upasuaji wake ni mdogo, ulioelezwa na Conrad Ramstedt wa Ujerumani mwaka 1912. Leo hatuuzungumzi zaidi ya hapo.

Katika mambo yote yawezayo kuleta kijani, lililo baya kuliko yote ni matumbo kujisokota. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, kiasi cha wiki ya 6, matumbo yake hukua upesi kuliko nafasi iliyomo, yakatoka na kuingia katika kitovu. Kiasi cha wiki ya 10 hurudi ndani huku yakizunguka, ili kila sehemu ikae mahali pake na ishikizwe kwa nyuma kwa ngozi pana. Kwa baadhi ya watoto mzunguko huo haukamiliki. Matumbo membamba yote hubaki yananing'inia kwa shina jembamba, na ndani ya shina lile ndimo ipitamo mishipa ya damu inayoyalisha. Mzigo uliotundikwa kwa uzi mmoja huzunguka kwa upepo mdogo tu. Matumbo yakizunguka, shina hujikaza, damu hukatika, na utumbo mwembamba mzima waweza kufa. Muda wake ni wa saa, si wa siku.

Sasa tunaomba msomaji atulie hapa, kwa kuwa ndipo wanapopotea wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa zahanati. Mtoto aliyesokotwa na matumbo, katika saa za mwanzo, huenda asiwe na alama nyingine yoyote. Tumbo lake ni laini, maana kizuizi kiko juu na hapana hewa nyingi ya kulivimbisha. Choo ameshapata, maana kile kilichokuwa chini ya kizuizi kilitoka. Homa hana. Akitazamwa na jirani ataambiwa hajambo, na mama ataambiwa ana wasiwasi wa uzazi wa kwanza. Alama zile ambazo kila mtu huziogopa, yaani tumbo kuvimba na kuwa gumu, damu katika choo, mtoto kupauka na kulegea, hizo huja baadaye, utumbo ukisha kuanza kufa. Anayezingoja ili awe na yakini hungoja mpaka dawa yenyewe imepungua nguvu.

Ndiyo sababu kanuni ya madaktari wa watoto ni moja: mtoto mchanga atapikaye kijani ahesabiwe kuwa matumbo yake yamefungika, mpaka ithibitike kuwa sivyo. Hatusemi kwamba kila mmoja wao ni hivyo. Wako ambao wakichunguzwa huonekana wana uambukizo wa damu, nao hutibiwa kwa sindano. Na wako ambao huonekana hawana neno kubwa, wakarudi nyumbani bila ya kisu. Lakini hapana awezaye kuwatenganisha kwa kuwatazama tu, si bibi, si mkunga, wala si daktari bingwa.

Dawa ya msokoto ni upasuaji. Njia itumiwayo hata leo ilielezwa mwaka 1936 na William Ladd, mpasuaji wa watoto katika mji wa Boston, Marekani. Mpasuaji huyazungusha matumbo kinyume cha msokoto, hukata vigozi vilivyoyabana, hulipanua lile shina, kisha huyalaza matumbo membamba upande wa kuume na yale mapana upande wa kushoto. Kidole tumbo nacho huondolewa, kwa kuwa sasa kitakaa mahali ambapo daktari wa siku za mbele hatakitafuta. Wazazi wengine hushangaa wakiambiwa kuwa matumbo hayakurudishwa katika mpango wa watu wote. Hayana haja ya kurudishwa. Lililotakiwa ni yasiweze kuzunguka tena kwa wepesi. Kazi hii ikifanywa mapema mtoto hukua kama wenziwe. Utumbo wote mwembamba ukiwa umekwisha kufa, mpasuaji hodari hana la kutengeneza.

Namna ya pili ni utumbo uliozibika au kukatika kabla ya mtoto kuzaliwa. Zamani ilidhaniwa kuwa zote ni kasoro za mwanzo kabisa wa kuumbwa, na ukweli wa wengi wao ulibainika katika bara letu hili la Afrika. Jan Louw na mwenzake kijana, Christiaan Barnard, wote wa Cape Town, walitangaza mwaka 1955 matokeo ya majaribio waliyoyafanya juu ya mbwa wenye mimba. Walifunga mishipa ya damu ya kipande cha utumbo wa kitoto kilichomo tumboni, wakakirudisha, na baada ya muda kikazaliwa na utumbo uliokatika mfano wa ule wa watoto wa watu. Ikajulikana kuwa sababu ni damu kukosekana mahali pale wakati mtoto angali tumboni. Faida yake haikuwa ya vitabuni tu. Wapasuaji wa zamani walikuwa wakiunga ncha kwa ncha, na mshono ukishindwa kufanya kazi hawakujua kwa nini. Sasa walifahamu kuwa ncha yenyewe iliyovimba haina damu ya kutosha, basi wakaanza kuikata kwanza, kisha wakaunga palipo pazima. Barnard huyo ndiye aliyempa mtu moyo wa mtu mwingine mwaka 1967, na dunia nzima ikamjua kwa hilo. Kwa maoni yetu, ile kazi ya 1955 yastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa.

Utumbo ukizibika mwanzoni kabisa, chini tu ya mfuko wa chakula, picha ya eksirei huonyesha mapovu mawili makubwa ya hewa na chini yake hapana kitu. Karibu theluthi ya watoto hao huwa na hali iitwayo Down, na moyo wao pia yapasa uchunguzwe. Mara nyingine khabari hii huonekana kabla ya kuzaa. Mtoto tumboni hunywa maji yanayomzunguka. Akiwa hawezi kuyapitisha, maji huzidi, na tumbo la mama huwa kubwa kupita miezi yake. Mama aliyeambiwa kliniki kuwa ana maji mengi asiache kulitaja neno hilo siku ya kujifungua, na afadhali azalie hospitali kubwa.

Tumesema juu ya kitokacho juu. Kitokacho chini nacho kina khabari yake. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami, na kijani hicho si cha kuogopwa. Watoto waliotimia miezi yao, walio wengi mno, hukitoa kabla ya saa 24, na karibu wote kabla ya saa 48. Siku mbili zikipita bila choo, na tumbo linajaa, basi mtoto apelekwe, ijapokuwa hajatapika.

Mkunga naye, au bibi amwoshaye mtoto mara ya kwanza, atazame kwa macho yake kuwa tundu la haja kubwa lipo, na lipo mahali pake. Hili ni jambo la nukta moja, na bado wapo watoto ambao hugunduliwa siku ya tatu tumbo likisha kuvimba. Katika watoto 5,000 hivi, mmoja huzaliwa na kasoro ya mahali pale. Khabari yake si ngeni. Al-Zahrawi, mpasuaji mashuhuri wa Andalus aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliitaja katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake kikubwa Al-Tasrif, akieleza namna ya kuitoboa ngozi iliyoziba. Walakini mtu asije akajaribu jambo hilo nyumbani. Kasoro ya ngozi nyembamba tupu ni chache. Nyingi ni za utumbo ulioishia ndani, au uliojifungua katika njia ya mkojo au ya uzazi, na hizo hutengenezwa kwa ufundi mwingine. Aghlabu kwanza mtoto hufunguliwa njia ya choo tumboni. Baadaye, akisha kukua kidogo, hufanyiwa ile operesheni ambayo Alberto Peña na Pieter de Vries waliieleza mwaka 1982. Kisha ile njia ya tumboni hufungwa.

Wako pia watoto ambao tundu lipo na utumbo u wazi, lakini choo hakishuki. Sehemu ya mwisho ya utumbo haina zile chembe za fahamu za kuuamrisha kusukuma. Daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliwaeleza wenziwe juu ya watoto wawili wa namna hiyo mwaka 1886, na ugonjwa ukachukua jina lake. Mwaka 1948 Orvar Swenson alionyesha kuwa ukiondolewa ule utumbo usio na chembe, mtoto hupona. Huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na hujulikana kwa yakini kwa kukata kinyama kidogo cha ndani na kukipima. Nyumba nyingi hupambana na watoto hawa kwa kuwatia kipande cha sabuni kila baada ya siku kadhaa, na choo kikitoka hudhani wametibu. Hawajatibu, wameahirisha. Na khatari kubwa ni pale mtoto huyo, aliyezoea kufunga choo, anapoanza kuharisha maji yenye uvundo huku tumbo limejaa na homa iko. Watu hufurahi kuwa amefunguka, kumbe utumbo wake umeingiwa na uambukizo uwezao kumuua siku ile ile.

Tuje kwenye mazoea yetu, na tuseme kwa adabu. Pwani yetu mtoto akilia na kukunja miguu husemwa ana mchango, na dawa ya mchango hutafutwa. Wengine husema jicho, wakapeleka sahani iandikwe kombe. Hatuna ugomvi na dua, nayo husomeka ndani ya gari vilevile kama isomekavyo chumbani. Ugomvi wetu ni juu ya vitu vitiwavyo kinywani. Mtoto aliyetapika kijani asipewe kitu kabisa, si maziwa, si maji, si kombe, si dawa ya mitishamba wala ya dukani, mpaka daktari amwone. Kila kiingiacho hakina pa kupita, na kikirudi chaweza kumwingia mapafuni. Asali, kwa mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, haifai hata akiwa mzima. Na ile ada ya mzazi kukaa ndani siku arobaini iliwekwa apumzike. Haikuwekwa kumzuia mtoto mgonjwa asivuke kizingiti.

Liko na la idhini. Baba yuko safarini, simu haipatikani, na wazee wamesema asiguswe mpaka mwenyewe arudi. Kijana uliyeoa, kabla ya kuondoka sema mbele ya wazee wako kuwa mama ana ruhusa ya kumpeleka mtoto na kutia sahihi. Mama naye ni mzazi, na hospitali huipokea sahihi yake. Saa nne zilizopotea kumsubiri baba huenda zikawa ndizo saa nne ambazo utumbo ulikuwa nazo.

Mkifika zahanati ndogo, msitake mtoto apewe dawa ya kutapika mkarudi. Takeni mambo manne kabla ya safari ya hospitali kubwa: apitishwe mpira mwembamba puani mpaka mfuko wa chakula, uachwe wazi ili nyongo itoke, atiwe maji ya mshipani, apewe dawa ya uambukizo, na afunikwe vizuri. Katika gari akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwani mtoto mchanga akipata baridi hudhoofika upesi. Wapasuaji wa watoto si wengi, nao hupatikana katika hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi na Mulago ya Kampala. Safari ni ndefu kwa wengi, na kwa hivyo uamuzi ufanywe mapema.

Huko daktari ataanza kwa kumtazama mtoto, na kuuliza rangi ya matapishi na saa ya choo cha kwanza. Mama awe anazikumbuka. Kisha ni picha ya eksirei. Hewa aliyoimeza mtoto huonekana ndani ya utumbo, na mahali inapokoma hupambanua kizuizi kiko wapi. Lakini picha hii ya kwanza yaweza kuwa safi na matumbo yamesokotwa, kwa hivyo pengine hunyweshwa kwa mpira dawa ionekanayo katika picha, watazame utumbo wa kwanza unakata kona wapi. Mtoto akiwa ameshalegea hawatangoja picha hizo, watampeleka chumba cha operesheni moja kwa moja, na wazazi wasidhani kuwa amefanyiwa pupa.

Tofauti ya nchi na nchi katika jambo hili ni kubwa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, ukatangazwa mwaka 2021, ulitazama watoto waliozaliwa na kasoro za njia ya chakula na zinazofanana nazo. Katika nchi maskini walikufa karibu 40 katika kila 100; katika nchi za kati 20 hivi; katika nchi tajiri chini ya 6. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni upungufu wa vyombo, wa wauguzi na wa dawa ya usingizi, nayo hatuwezi kuiondoa sisi tulio nyumbani. Lakini mtoto afikaye akiwa hoi, ameishiwa na maji na damu yake imeingiwa na uambukizo, huwa na nafasi ndogo hata mbele ya mpasuaji yule yule, na hilo la kuchelewa limo mikononi mwetu.

Baada ya operesheni mtoto hatanyonya siku kadhaa, mpaka nyongo ipungue katika mpira na matumbo yaamke. Mama aendelee kukamua maziwa yake kila baada ya saa tatu, usiku pia, ili yasikauke; ndiyo yatakayotangulizwa, matone kwa matone, kabla ya maziwa mengine yoyote. Mtoto aliyefunguliwa njia ya choo tumboni, ile nyama nyekundu inayoonekana haina maumivu ikiguswa. Ioshwe kwa maji masafi, ngozi ya pembeni ipakwe mafuta isichubuke, na kitambaa kibadilishwe mara kwa mara. Ikigeuka rangi kuwa nyeusi, au ikitokeza nje sana, arudishwe siku ile ile. Na cheti cha operesheni kihifadhiwe kwa miaka, kwani tumbo lililowahi kupasuliwa huweza kufungika tena kwa makovu ya ndani, na daktari atakayemwona akiwa na umri wa miaka saba atataka kujua matumbo yamelazwa upande gani.